Umelala, Lakini Pombe Haijalala: Dereva, Chupa na Sheria

Ijumaa jioni katika baa za Nakuru, kuanzia zile za katikati ya mji hadi za mitaani kule Free Area na Section 58, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: mtu akinywa ngapi ndipo mashine ya polisi itamshika? Kila meza ina jibu lake. Mmoja atasema mbili. Mwingine atasema nne, mradi umekula nyama kwanza. Wa tatu ataapa kwamba alipuliza baada ya sita akaachiliwa. Swali hilo hilo huulizwa Kisumu, Kakamega na Bungoma, na majibu yake yamewafikisha watu wengi kortini na wengine mochari. Ugumu wake ni kwamba ndani yake mna mambo matatu yaliyofungwa pamoja: jinsi mwili unavyoishughulikia pombe, jinsi sheria inavyompima dereva, na jinsi gharama ya ajali inavyogawanywa baadaye. Kila jambo lina hesabu yake, na tatizo huanza mtu anapotumia hesabu ya moja kujibu la pili.

Tuanze na mwili, maana huo ndio unaoshika usukani.

Pombe haihitaji kusagwa kama ugali. Kiasi kidogo hupenya kwenye kuta za tumbo na sehemu kubwa huingia kwenye damu kupitia utumbo mwembamba. Ukila kwanza, inachelewa kufika huko, na ndiyo maana aliyeshiba halewi haraka kama mwenye njaa. Lakini kuchelewa si kupotea. Ikishaingia kwenye damu, kazi ya kuiondoa ni ya ini, na ini lina mwendo wake. Kwa watu wengi huondoa gramu saba hadi kumi za pombe kwa saa, na hakuna namna ya kulihimiza. Kahawa ya rangi haiharakishi. Maji baridi ya kuoga hayaharakishi. Supu ya kichwa, ndimu, kutapika kando ya barabara, kufungua dirisha ili upepo wa Menengai ukupige usoni, vyote vinaweza kukufanya ujisikie umezinduka kidogo, ila damu ni ile ile.

Sasa tuchukue chupa ya kawaida ya bia, nusu lita, yenye kilevi cha asilimia 4.2. Ndani yake mna pombe halisi ya takriban gramu 16 na nusu. Gawa kwa mwendo wa ini na utaona kwamba chupa moja inahitaji karibu saa mbili kutoka mwilini. Mtu hanywi chupa moja kwa saa mbili. Anakunywa mbili kwa saa moja, na ini linabaki na deni.

Hebu tufuate deni hilo kwa dereva wa mfano, mwanamume wa kilo 70, anayeendesha matatu ya kwenda Kisumu. Ameanza kunywa saa kumi na mbili jioni na amemaliza saa tano usiku, saa ambayo baa zinatakiwa kufunga kwa mujibu wa sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi tunaijua kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha hapa hapa Nakuru. Amekunywa chupa saba. Kwa makadirio ya kitaalamu, anapotoka baa damu yake ina pombe ya karibu miligramu 170 kwa kila mililita 100. Kiwango hicho hushuka kwa takriban miligramu 15 kila saa. Analala usingizi mzito, anaamka, ananawa uso, anavaa shati safi, na saa kumi na moja alfajiri yuko steji anaita abiria wa kwanza. Ametenganishwa na chupa ya mwisho kwa saa sita, lakini damu yake bado ina karibu miligramu 80. Atakuwa safi kabisa baada ya saa nne asubuhi, wakati ambapo tayari ameshapita Kericho na kushuka hadi Ahero, pengine hata amegeuza kurudi.

Miili hutofautiana. Mwanamke wa uzito ule ule kwa kawaida atakuwa na kiwango cha juu zaidi kwa chupa zile zile, kwa sababu mwili wake una maji machache ya kuichanganya pombe. Mtu mwembamba atazidi mnene. Ila mkondo wa jambo haubadiliki: usingizi unakupa nguvu, haukupi damu nyingine. Kwa maoni yangu, dereva wa alfajiri ndiye tunayemsahau zaidi tunapozungumza juu ya ulevi barabarani. Tunamwazia mlevi kama mtu anayeyumba usiku wa manane akitafuta funguo, kumbe yupo mwingine, amechana nywele, anakuuliza kwa heshima kama utakaa mbele au nyuma.

Na anayetoa loki asubuhi, yaani anayekunywa kidogo ili kichwa kitulie, anarudisha saa nyuma. Kichwa kinatulia kwa sababu pombe imeongezeka tena.

Hesabu ya chupa pia huwadanganya watu wanapohama kutoka bia. Robo ya pombe kali, ile chupa ndogo ya mililita 250 yenye kilevi cha asilimia 40, ina karibu gramu 79 za pombe. Hizo ni karibu chupa tano za bia ndani ya kitu kinachoingia mfukoni mwa koti. Kwa busaa na chang'aa hesabu inavunjika kabisa. Busaa ya mama huyu na ya yule hazilingani, na chang'aa haina karatasi inayosema ina nguvu kiasi gani. Ile iliyochanganywa na methanoli hushambulia mshipa wa jicho na inaweza kumpofusha mtu au kumuua. Dereva au mwendesha boda wa Kakamega au Busia anayesema "nimekunywa glasi mbili tu" anakwambia idadi ya glasi. Kilichokuwa ndani ya glasi hakijui yeye wala aliyemuuzia.

Watu wengi hudhani kwamba pombe huanza kuharibu mikono na miguu, kwamba ukiweza kutembea kwenye mstari basi unaweza kuendesha. Huanzia juu zaidi. Kinachotangulia kulegea ni uamuzi: hisia ya hatari, subira, uwezo wa kujipima mwenyewe. Ndiyo maana mtu aliyelewa nusu hujiona dereva hodari kuliko alivyokuwa saa mbili zilizopita, na ndiyo maana kumuuliza "uko sawa?" ni kazi bure. Kiungo kinachopaswa kujibu swali hilo ndicho kilichoguswa kwanza. Baadaye macho yanachelewa kuzoea giza baada ya kumulikwa na taa za lori, upeo wa kuona pembeni unapungua, na akili inashindwa kushughulikia mambo mawili kwa pamoja, kama vile kupunguza mwendo huku ukiangalia mtoto aliyesimama ukingoni mwa lami.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Mguu ukichelewa kukanyaga breki kwa nusu sekunde tu, umeshakwenda mita 11 zaidi, na hizo zinatosha kuvuka kivuko kizima cha watembea kwa miguu. Kwenye tambarare ya Ahero, ambapo wauzaji wa mchele, waenda sokoni na baiskeli hutumia ukingo ule ule wa barabara, mita 11 ni tofauti kati ya mtu kushtuka na mtu kuzikwa.

Halafu kuna barabara zenyewe. Ukitoka Nakuru kuelekea Eldoret, kipande cha Salgaa hadi Sachangwan kina mteremko mrefu ambao umemaliza watu hata bila pombe kutajwa. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakafa. Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia wachuuzi, boda boda na matatu, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Sisemi madereva hao walikuwa wamekunywa. Sina msingi wa kusema hivyo. Ninazitaja ajali hizo kwa sababu zinaonyesha barabara hizi zinadai nini kutoka kwa dereva mwenye akili timamu na macho mawili mazima. Kupunguza gia mapema kabla ya mteremko, kusoma mwendo wa lori lililo mbele, kukataa kulipita kwenye kona, hayo yote ni maamuzi, na uamuzi ndio unaoondoka kwanza. Hali ni hiyo hiyo kwenye vilima vya Mukumu kati ya Kakamega na Kisumu, na kwenye kona za Kiboswa ukungu unapoanguka.

Tuje kwenye sheria. Hapa ndipo porojo za mezani zimejaa kuliko kwingine.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamfanya kuwa mkosaji mtu yeyote anayeendesha gari, anayejaribu kuliendesha, au aliye na gari chini ya mamlaka yake barabarani au mahali pa umma, akiwa ametawaliwa na kileo au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Soma tena maneno ya mwisho. Kipimo cha kifungu hicho ni kumudu gari. Hakitaji chupa wala miligramu.

Mwaka 2011 zilitungwa kanuni za kupima pumzi, na hizo ndizo zilizoleta namba. Mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Namba hizo mbili zinaelezana. Damu inapopita mapafuni, pombe kidogo huvukiza na kutoka na hewa tunayoitoa, na wanasayansi wanajua uwiano kati ya hiyo hewa na damu. Kwa hiyo mashine haikunusi. Kutafuna chingamu, vitunguu au kahawa kavu kunaweza kumchanganya askari mwenye pua, lakini mashine inapima hewa ya mapafuni. Alcoblow, kama kila mtu alivyokuja kuiita, ilipotapakaa barabarani mwishoni mwa 2013, ghafla madereva wakajua kwamba wanaweza kupimwa wakati wowote, na hofu ikaingia.

Kisha, Mei 2017, Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kanuni zile zinakinzana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Hoja si ngumu kuifuata. Kanuni ni mtoto wa sheria na haiwezi kuunda kosa ambalo mzazi hakulitaja. Sheria inasema kosa ni kushindwa kumudu gari. Kanuni zikasema kosa ni kuvuka namba. Mtu anaweza kuvuka namba na bado upande wa mashtaka ukawa haujathibitisha kwamba alishindwa kumudu gari.

Habari hiyo ilipokewa kama sherehe. Nakumbuka ilivyosambaa kwamba sasa mtu anaweza kunywa na kuendesha, mradi asigonge. Naamini majaji walikuwa sahihi kisheria, na sisi umma ndio tuliosoma vibaya. Uamuzi ule haukugusa kifungu cha 44. Haukusema kuendesha ukiwa umelewa ni halali. Na ukiangalia vizuri, unafungua mlango wa upande wa pili: ikiwa kipimo ni kumudu gari, basi hata mtu ambaye hajafika miligramu 80 anaweza kushtakiwa kama ushahidi mwingine unaonyesha gari lilimshinda. Askari ataeleza jinsi gari lilivyokuwa likivuka mstari. Daktari ataeleza macho, hotuba na mwendo wake. Damu inaweza kupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, mwenye maabara Kisumu pia. Shahidi wa kiosk atasema alichokiona. Kipimo cha pumzi kinaingia humo kama kipande kimoja cha ushahidi, na vifaa hivyo vimeendelea kuonekana barabarani, hasa kuelekea Krismasi.

Kipengele cha kuwa na gari chini ya mamlaka yako kinawashangaza wengi. Mtu anasema, "Mimi sikuwa naendesha, nilikuwa nimelala kwenye kiti na funguo iko mfukoni." Nia yake inaweza kuwa njema kabisa. Lakini sheria inataja mambo matatu, na kuendesha ni moja tu. Kama gari liko kando ya barabara ya umma, injini inanguruma na wewe umeegemea usukani, utalazimika kueleza mbele ya hakimu ulikuwa unangoja nini. Kulala ndani ya gari ni bora mara mia kuliko kuliendesha. Ila lala kiti cha nyuma, injini ikiwa imezimwa, ndani ya uwanja wenye mlinzi, na funguo ukiwa umempa mtu mwingine. Bora zaidi ni kulala nyumbani.

Baada ya kukamatwa, mambo huenda hivi. Katiba, katika Ibara ya 49, inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini kama saa hizo zinaishia wakati ambapo korti imefungwa, basi utafikishwa siku inayofuata ya korti. Aliyekamatwa Ijumaa saa sita usiku bila kupewa dhamana ya polisi anaweza kuliona jua la Jumatatu akiwa bado seli. Una haki ya kunyamaza, haki ya wakili na haki ya kuambiwa kwa nini umekamatwa. Hili si miongoni mwa makosa madogo ya trafiki ambayo mtu hulipa faini ya papo hapo akaenda zake. Linakwenda mbele ya hakimu, na hakimu anaweza kutoza faini, kufunga, au kufanya vyote viwili, pamoja na kukuondolea ruhusa ya kuendesha kwa kipindi atakachotaja. Kwa mtu anayekula kwa kuendesha, hilo la mwisho ndilo linalouma kuliko faini.

Mtu akifa, kifungu kinachokungoja ni cha 46, kusababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari. Kifungo chake kinaweza kufika miaka 10, na leseni inafutwa kwa miaka mitatu, ambayo huanza kuhesabiwa baada ya kifungo kumalizika. Anayekimbia baada ya kugonga anajiongezea kosa jingine, kwa sababu Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame na aripoti polisi ndani ya saa 24. Na huyo anayekimbia mara nyingi amemwacha mtu ambaye angepona kama angefikishwa hospitalini mapema.

Kuhusu kumpa askari kitu kidogo, nitasema haraka. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhukumu mtoaji sawa na mpokeaji, na adhabu yake inaweza kufika miaka 10 gerezani au faini ya shilingi milioni 5. Na askari akishapokea, bado anakuruhusu uondoke na gari ukiwa mlevi vile vile. Mti ulio mbele haujui kwamba umelipa.

Sasa bima, ambayo ndiyo sehemu isiyoeleweka zaidi na ambayo hufilisi familia kimya kimya.

Bima ya lazima kwa kila gari Kenya, ile ya mtu wa tatu, inatokana na Sura ya 405. Inalipa kwa ajili ya kifo au majeraha ya watu wengine walioumizwa na gari. Hailipi gari lako. Hailipi gari la mwenzako wala ukuta wa duka uliobomoa, isipokuwa mkataba wako wa bima umeongeza hilo. Haikulipi wewe dereva. Na kwa gari la kibinafsi, sheria haikulazimishi kuwakinga abiria wasiolipa nauli, kwa hiyo marafiki wanne uliowapa lifti kutoka baa wanaweza kuwa hawana kinga yoyote, mpaka uwe umeinunua kando. Hebu lifikirie hilo: watu unaowajali zaidi usiku huo, uliowaambia "ingieni, nitawashusha mmoja mmoja hadi Kiamunyi", ndio walio wazi kuliko mpita njia usiyemjua.

Je, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu ulikuwa umelewa? Kwa uharibifu wa gari lako chini ya bima kamili, ndiyo. Mikataba mingi ya bima ina kifungu kinachosema hivyo, na kampuni hukitumia bila huruma. Kwa mtu wa tatu aliyeumia, sheria inamlinda: sharti linalohusu hali ya mwili au akili ya dereva haliwezi kutumiwa kumnyima fidia. Kampuni italazimika kumlipa. Watu wakisikia hapo hupumua, na wanapumua mapema mno, maana sheria hiyo hiyo inairuhusu kampuni kukugeukia wewe na kudai irudishiwe ilichokulipia.

Tuweke mfano wa kubuni. Dereva amelewa, amemgonga mwalimu anayetembea kando ya barabara ya Njoro, na mahakama imeamua familia yake ilipwe shilingi milioni 4.2. Kiwango cha juu ambacho sheria inaibana kampuni ya bima kulipa kwa mdai mmoja ni milioni 3. Milioni 1.2 iliyobaki ni ya mwenye gari na dereva, kutoka mfukoni mwao. Kisha kampuni inafungua kesi yake dhidi ya mteja wake ili irudishe zile milioni 3. Hapo ndipo madalali wanapogonga geti kuangalia ng'ombe, friji, na hati ya shamba. Mke aliyekuwa nyumbani amelala na watoto walio shule ya bweni wanalipia chupa ambazo hawakuziona.

Na mwenye gari anaguswa hata kama hakuwepo. Mahakama humwajibisha mwajiri kwa uzembe wa dereva wake aliyekuwa kazini, kwa hiyo mama aliyenunua matatu kwa mkopo wa Sacco, akamkabidhi kijana wa jirani aiendeshe, anaweza kushtakiwa pamoja naye. Kwa upande wa ajira, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu mwajiri kumfuta kazi papo hapo mfanyakazi anayelewa saa za kazi hadi ashindwe kufanya kazi yake. Kwa sadfa, hicho nacho ni kifungu cha 44. Mwenye matatu anayejua kwamba dereva wake hunywa hadi usiku na bado anamtaka steji alfajiri ili asipoteze zamu ya kwanza, huyo kwa macho yangu ana hatia ya kimaadili isiyopungua ya dereva. Ratiba yake ndiyo inayompa ini saa chache.

Waendesha boda wasidhani haya ni ya wenye magari. Pikipiki ni chombo cha moto, na kifungu cha 44 kinaihusu vile vile. Tofauti ni kwamba pikipiki inahitaji usawa wa mwili muda wote, na usawa ni kitu pombe inachokiondoa mapema. Aliyeanguka bila helmeti akiwa amekunywa ana tatizo jingine hospitalini: dalili za kuumia kichwa, yaani kutapika, kuchanganyikiwa na usingizi mzito, zinafanana na za ulevi. Watu wanamlaza kitandani wakisema "mwache alale, pombe itamtoka", kumbe damu inavuja ndani ya fuvu. Mtu yeyote aliyegonga kichwa apelekwe hospitali, amekunywa au hajanywa.

Kwa abiria, uwezo mkubwa zaidi uko kabla ya gari kuondoka. Ukinusa pombe kwa dereva, au ukimwona macho mekundu na maneno yanayoburuta, shuka. Dai nauli yako kwa makanga, waambie abiria wengine kwa sauti, mwite msimamizi wa steji. Kama gari limeshaondoka na halishikiki barabarani, piga 999 au 112 utoe namba ya gari na mahali mlipofika, na mkikuta kizuizi cha polisi, sema. Najua ni vigumu. Saa kumi na moja asubuhi, mkoba umeshafungwa juu, mazishi yako Siaya saa nne, na hutaki kuonekana mkorofi mbele ya wazee. Na bado ukipanda gari la mtu unayejua amelewa, wakili wa upande wa pili anaweza kuja kudai kwamba ulijitia hatarini mwenyewe, ili fidia yako ipunguzwe.

Turudi mezani, kwa yule aliyeuliza ngapi. Jibu la kweli ni kwamba hakuna idadi ambayo mtu anaweza kuipima kwa kujisikia, na hata chini ya miligramu 80 hatari huwa imeshapanda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nchi ziweke kikomo cha miligramu 50 kwa madereva wa kawaida, na 20 kwa vijana na wapya. Kinachosaidia ni kuamua mapema, kabla ya chupa ya kwanza, wakati akili bado ni yako. Acha gari nyumbani na upande boda au teksi ya kwenda na kurudi. Kama umekuja nalo, mpe funguo mtu wa soda kwenye kundi, na mumlipie chakula chake maana anawafanyia kazi. Kama hakuna mtu wa soda, muulize meneja kama gari linaweza kulala uwanjani. Baa nyingi zenye mlinzi huruhusu. Na kama kesho una safari ya alfajiri, hesabu kuanzia saa ya kuondoka kurudi nyuma, saa mbili kwa kila chupa, uone ni saa ngapi ulipaswa kuwa umeweka chini ya mwisho. Kwa anayeondoka Nakuru saa kumi na moja asubuhi baada ya chupa nne, saa hiyo ilikuwa saa tatu usiku, na kama aliziharakisha zote dakika za mwisho, hata hiyo haitoshi.